Mwalimu Asiyesema Ndiyo

Kwa muda wote niliomfahamu Mwalimu nimemsikia akitamka neno "ndiyo" mara moja tu, na hata hiyo moja mpaka leo tunabishana kama inahesabika.

Mimi nauza nguo. Niko Guangzhou, China: nanunua za tayari soko la Shisanhang, nanunua vitambaa soko la Zhongda, napakia, natuma Dar. Kazi hii inaendeshwa na ndiyo na hapana, na anayejua kuvichelewesha ndiye anayekula. Ukitoa ndiyo mapema umeumia. Ukitoa hapana mapema umefungiwa duka. Sasa fikiria mtu kama mimi kumpata mkalimani ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sitaeleza alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani. Hakuwahi kunisimulia kwa mpangilio, na mimi sinunui jora la kitambaa bila kuona mwisho wake. Nitaeleza nilichokishika kwa mkono.

Siku tuliyokutana nilikuwa Zhongda natafuta kitambaa cha madera. Mkalimani wangu wa kawaida alikuwa amepata mchumba na akili yake haikuwa tena sokoni, kwa hiyo mwanafunzi mmoja wa nyumbani akaniletea mzee mwembamba. Kofia ya sufu kichwani, wakati sisi wengine jasho linatutiririka mgongoni, na chupa ya chai ameibana kwapani kama mtu anayepima homa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niite Mwalimu. Uzee bado naujadili bei."

Nikampenda hapo hapo. Nikamwambia amuulize mwenye duka, mama mmoja mwenye sauti ya honi, kama rangi ya kitambaa kile haichuji. Akauliza. Mama akajibu kwa kiapo kirefu, mkono kifuani.

"Haichuji, anasema," Mwalimu akaniambia.

"Wewe unamwamini?"

"Simwamini."

"Kwa hiyo inachuja?"

"Sijui. Nimejibu ulichouliza."

"Mwalimu, nijibu ndiyo au hapana, watu tuna kazi."

"Niulize jambo, nitakujibu kwa jambo hilo hilo."

Nikamnyang'anya chupa, nikalowesha pembe ya kitambaa kwa chai yake, nikaisugua kwenye leso yangu nyeupe. Leso ikawa ya zambarau. Mama mwenye duka akapiga kelele.

"Anasemaje?"

"Anasema ubaya uko kwenye chai."

Tulipotoka pale nilimuuliza ugonjwa huo wa kutosema ndiyo aliupata wapi. Akasema, Ayalandi. Nikadhani ameishi huko. Kumbe hajawahi kuiona hata kwa dirisha la ndege.

Alikuja China kwa masomo ya kutia rangi vitambaa, ujana ukiwa bado naye. Mhadhiri mmoja wa kigeni alipokuwa anahama aliacha boksi la kanda kwenye korido ya bweni, mwenye kutaka achukue. Mwalimu alichukua akidhani ni muziki. Alivyonisimulia, kanda ya kwanza aliisikiliza akaamini redio yake imeharibika. Akaitikisa. Akabadilisha betri. Mtu mle ndani akaendelea kuongea vile vile, kama anayetafuna na kuimba kwa pamoja. Ilikuwa ni kanda za kujifunzia Kiayalandi, lugha ya zamani ya watu wa Ayalandi, si Kiingereza wanachokiongea wengi wao sasa. Sauti ya mzee mmoja wa huko inauliza, kimya kidogo cha mwanafunzi kujibu, halafu sauti inajibu yenyewe. Kile kimya, aliniambia, ndicho kilichomkamata. Mtu ameuliza na anasubiri. Ni adabu kumjibu.

Akamjibu. Masomo ya rangi yakaisha, vibali vikabadilishwa, akawa anafundisha Kiingereza jioni na kutafsiri sokoni mchana, na bado akawa anamjibu yule mzee wa kwenye kanda.

Sokoni walimcheka, bila shaka. Mkongomani mmoja wa viatu alikuwa akimwona tu anasema, "Voilà, mzee! Umetoka Tabora, umepita nchi zote hizi, umefika China, ili usome Ayalandi! Hukuona njia fupi?"

"Sikuiona," Mwalimu anajibu kwa upole, kofia haisogei.

Jambo lenyewe aliliona hivi. Katika Kiayalandi hakuna neno la peke yake la kukubali wala la kukataa. Ukiulizwa umekula, unasema nimekula. Ukiulizwa mvua inanyesha, inanyesha au hainyeshi. Huwezi kukubali kitu bila kukitaja. "Na bibi yako Kisarawe," akaniuliza siku hiyo ya kwanza, "ulipomuuliza, Bibi umelala? alikujibu ndiyo?" Nikakumbuka. Bibi alijibu, nimelala. Au, sijalala, nakusikiliza ujinga wako. "Na hawa hapa?" Akaonyesha maduka kwa chupa yake. Hawa hapa unauliza kitu kipo, wanakujibu kipo, you, au hakipo, meiyou, na hiyo meiyou nimeisikia kuliko jina langu. "Unaona? Watu wa nchi tatu, hawajawahi kukaa meza moja, na wana tabia moja. Wakikubali, wanataja wanachokikubali. Hiyo kazi yangu."

Aliita kazi, na ilikuwa kazi, ingawa hakuna ofisi iliyompa kiti kwa ajili yake. Alikuwa ameandika juu ya hilo jambo la kujibu. Alikuwa ametafsiri kwa Kiswahili hadithi za zamani za huko, na nyimbo za wanawake waliokuwa wakiitwa msibani kuomboleza, nyimbo ambazo mwombolezaji anamwambia marehemu maneno usoni: kwa nini umeondoka na kitanda nimekitandika, nani atamfuga yule farasi wako mkorofi. Alizisoma kwa yeyote aliyesimama karibu yake kwa muda wa kutosha. Mimi nilisomewa nikiwa nahesabu vifungo. Ilibidi nivihesabu upya, na mara ya pili pia sikufika mwisho, kwa sababu mtu hawezi kuhesabu vifungo huku anafuta macho.

"Umelia," akaniambia.

"Sijalia. Ni vumbi la kitambaa."

"Vifungo ni vya plastiki."

Tuligundua mapema kwamba sisi ni watani. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na anayejua nyumbani anajua maana yake: nina ruhusa ya kumtukana mbele za watu na yeye hana ruhusa ya kununa. Shikamoo nilimpa kila asubuhi, kwa kuwa ni mtu mzima, na baada ya shikamoo ndiyo matusi yanaanza.

"Marahaba. Mzaramo, leo umeamka mapema, mna ngoma?"

"Tuna ngoma ya kuwapokea Wanyamwezi. Tunatafuta wa kubeba mizigo."

Tukawekeana ahadi. Siku nitakayomkamata akisema ndiyo, ananipikia wali wa nazi siku ya Ijumaa. Nikiendelea kushindwa, chai ya sokoni juu yangu. Nilijaribu kila njia. Nilimpigia simu nikajifanya mtandao mbovu: "Mwalimu, unanisikia?" "Nakusikia." "Ni wewe?" "Ni mimi." Nilimuuliza kinyume cha hapana ni nini. "Ni hilo unalonitegea." Nilimletea fomu ya ghala inayotaka alama ya ndiyo au hapana kama vitu vinavunjika. Akaandika pembeni kwa herufi za kupendeza: Vinavunjika. Nilinunua chai nyingi sana miaka ile.

Alikaa mtaa wa Kangle, chumba cha ghorofani katikati ya karakana za nguo, mahali ambapo majengo yamekaribiana mpaka jirani anaweza kukuwashia sigara dirishani. Cherehani zinanguruma kutwa. Alisema zinamfaa, maana lugha ile ilizaliwa kwenye upepo na haitakiwi kuongewa mahali pa kimya. Kofia ya sufu nayo aliivaa kwa ajili hiyo hiyo. Kuna upepo huko, alisema, kama vile utamfuata mpaka Guangzhou.

Lakini usidhani alipenda kila kitu cha watu wake hao. Viazi hakula. Mvua ilimkera kuliko mwenye duka la karatasi. Aliweza kukueleza kwa saa nzima uzuri wa ukungu kwenye milima ya nchi asiyoijua, na kikidondoka kitone kimoja Zhongda anakimbilia ndani ameshika kofia. Nilimwambia, Mwalimu, wewe Ayalandi hungemaliza wiki. "Nisingemaliza," akasema.

Chumbani alijifunza kwa kujiuliza na kujijibu. Neno lao la "ipo", au "nipo", au "yupo", lile linalofanya kazi ya ndiyo yetu mara nyingi, linatamkwa kama sisi tunavyotamka taa. Taa, basi. Unaliandika vingine, lakini sikioni ni taa. Sasa jirani yake wa ukuta mmoja, mwanafunzi wa Mombasa anayeongea kama sinema za Kimarekani, siku umeme umekatika akapita mlangoni kuuliza, "Mwalimu, uko sawa?" Mwalimu, akili iko kwenye kanda, akajibu, "Taa!" Kijana wa watu akaenda akamletea taa. Na fundi cherehani wa ghorofa ya juu, mama wa Kichina, yeye neno hilo kwao ni "yeye", yule mwanamke au yule mwanamume asiyekuwepo. Akawa anamsikia mzee wa watu kila jioni peke yake chumbani: yeye, yeye, yeye. Akaamini ameachwa na mpenzi. Akawa anamteremshia supu.

Kwa hiyo neno moja lilimletea taa na supu, lakini si Mwayalandi hata mmoja.

Hapo pana jambo la kusikitisha, na nilichelewa kulielewa. Hajawahi kuongea Kiayalandi na mtu. Hata siku moja. Alikuwa nacho miaka yote hiyo, ameandika, ametafsiri, amejenga maisha juu yake, na aliyewahi kumjibu ni yule mzee wa kwenye kanda, ambaye angejibu vile vile hata kama chumbani hamna mtu. Mimi niliokota maneno machache nimchangamshe, lakini mimi niliyapata kwake. Kama yeye kakosea, nami nimekosea na yeye.

Na walipopita Waayalandi aliwakimbia. Msimu wa maonyesho ya biashara wageni wa kila aina wanamiminika, na mara moja tuliingia lifti moja na wanaume wawili wenye vitambulisho shingoni vimeandikwa nchi yao. Nikamfinya. Mwalimu akatazama namba za ghorofa kama anazisoma kwa mara ya kwanza. Tukateremka ghorofa isiyo yetu, tukapanda ngazi.

"Una nini wewe? Si hao watu wako?"

"Ni hao."

"Sasa?"

Akaendelea kupanda. "Wewe umewahi kununua robota lililofungwa?"

"Nimewahi."

"Usiku wa kabla ya kulifungua, ulikuwa na nini ndani?"

Ninaujua usiku huo. Robota likiwa limefungwa lina kila kitu. Likifunguliwa lina kilichomo.

"Kama yule mzee wa kwenye kanda alikuwa anatania?" akasema. "Kama masikio yangu ya Kinyamwezi yalisikia kitu kingine tangu mwanzo? Nitakuwa nimeongea peke yangu, dada. Nitakuwa kichaa mwenye maandishi mazuri."

Mara moja tu alijaribu kuitoa kazi yake hadharani. Aliandika mchezo juu ya mkesha wa maiti wa Kiayalandi, wa zamani, ambapo marehemu amelazwa ndani, na watu wanamzunguka kwa hadithi, vichekesho na michezo mpaka kunakucha, na wanaingia wageni wasioalikwa wamejifunika nyuso kwa majani makavu. Mgahawa mmoja wa Waafrika kule Xiaobei ukatupa ukumbi wa nyuma alasiri moja. Majani tuliyatoa kwenye maboksi ya vyombo vya udongo. Maiti alikuwa yule kijana wa Mombasa.

"Mwalimu, manze, hii kifo inanikalia vibaya," akasema amelala juu ya meza mbili. "Nasikia kucheka."

"Unaruhusiwa kucheka. Huruhusiwi kupumua kwa nguvu."

Tulifika pale ninapoingia mimi, nimevaa majani kichwani, namdai maiti kanga zangu. Mzee mmoja wa Unguja, mtu tunayemheshimu, anayetuongozea dua tukifiwa huku ugenini, akasimama.

"Mwalimu, tustahi. Maiti hachezewi."

Ukumbi ukapoa. Mwalimu akavuka jukwaa, akamwinamia. "Hachezewi, Maalim. Wanachezewa wafiwa, wapate kumeza chakula. Mimi nikifa kesho, huyu Mzaramo ana haki ya kulala ndani ya kaburi langu na kukataa kutoka mpaka wafiwa wambembeleze. Ni mtani wangu."

"Na nitalala!" nikapiga kelele ndani ya majani. "Na nitakoroma!"

Watu wakaangua kicheko, maana bara wote wamewahi kuona watani msibani. Mzee wa Unguja naye akatabasamu upande mmoja. "Nyinyi watu wa bara mna mambo. Haya. Na hao wa huko, kweli hufanya hivi?"

"Walifanya."

"Umeona?"

"Sijaona," Mwalimu akasema.

Alisema tu ukweli, lakini nilimwona akiuweka chini kama mtu anayeteremsha gunia. Mwishoni alituchezea ngoma yao, aliyojifunza kwa video, ili tusahau: miguu inaruka na kuchapa sakafu, mikono imenyooka ubavuni haisogei, uso mkavu. Tulimwita mtu aliyekamatwa na askari akiwa anacheza. Mchezo haukuonyeshwa tena. Hakuna aliyeukataza. Yeye mwenyewe aliuacha.

Nimeeleza hiyo ngoma kwa sababu bila hiyo nisingemjua yule msichana.

Ilikuwa juzi juzi tu, mwaka huu. Niko Zhongda, nimeshika jora la mwisho la mahameli ya kijani, jora zuri, zito, halichuji (nimelijaribu kwa chai). Upande wa pili wa jora kuna mkono mwingine. Msichana wa Kizungu, begi mgongoni, uso wa mtu asiyelala.

"Samahani, nimelishika kwanza," akasema kwa Kiingereza.

"Umeshika mwisho wake, mwanangu. Mwanzo ninao mimi."

Laobanniang, yaani mama mwenye duka, akakaa chini kwa raha, amekunja mikono, anatazama bei ikipanda yenyewe.

"Tafadhali. Nashona nguo za wachezaji, nimetafuta rangi hii soko zima."

"Wachezaji wa nini?"

"Ngoma ya kwetu. Si rahisi kueleza. Miguu inaruka lakini mikono…" Akaweka mikono ubavuni, akanyooka kama msumari.

Nililiachia jora. Karibu aanguke nalo.

"Chukua," nikamwambia. "Lote. Mimi nataka ulimi wako kwa saa moja."

Akarudi nyuma hatua moja, na simlaumu. Ikabidi nimkalishe, nimpe maji, nimweleze kuhusu mzee, kanda, na ile lifti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika uso kwa mikono.

"Mama, mimi Kiayalandi nilifundishwa shuleni miaka yote ile na nimebaki na sentensi moja. Ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Sote tumebaki na hiyo."

Nikalitazama jora langu.

"Lakini bibi yangu," akasema, "bibi yangu kila kitu anakisema kwa hicho. Kwao hata mbwa wanaitwa kwa Kiayalandi. Nikimsikia namwelewa, kumjibu ndiyo siwezi. Saa hizi anakunywa chai ya asubuhi."

Nikampigia Mwalimu. "Njoo dukani kwa mama wa mahameli, kuna mteja."

"Anatoka wapi?"

"Mwenyewe atakwambia. Unakuja?"

"Nakuja."

Alipoingia, kofia kichwani na chupa kwapani, nilisogeza kigoda changu nikakaa katikati ya mlango. Mimi si mwembamba. Msichana akasimama, akanyoosha mkono juu kama mtoto darasani, akaitoa sentensi yake yote kwa pumzi moja.

Mwalimu alitazama mlango. Aliniona. Akatazama sakafu. Cherehani ya duka la jirani ilikwenda mshono mzima, ikakata uzi, ikaanza mwingine.

"Taa," akasema. Kisha akaongeza maneno mawili matatu, taratibu, kama anayeteremka ngazi gizani.

Msichana akafunika mdomo. "Amenipa ruhusa! Amesema ninayo ruhusa!"

"Kakuelewa?"

"Kanielewa!"

Mwalimu alikuwa anatikisa kichwa. "Sentensi moja si lugha. Hiyo imo kwenye kanda ya kwanza. Kasuku angeijibu." Lakini hakukaa chini, na hakuomba nipishe mlango.

Simu ya msichana ilikuwa na laini ya kwao, kwa hiyo vizuizi vya mtandao vya China havikuihusu. Ikaita, ikapokelewa, na kwenye kioo likatokea sikio. Sikio kubwa, na mvi, na kipande cha pazia. Bibi wa watu hakujua mambo ya picha. Aliiweka simu sikioni kama simu. Msichana akampigia kelele kwa Kiingereza mara mbili kwamba kuna mtu anataka kumsalimia, kisha akampa Mwalimu.

Mwalimu alivua kofia. Hilo nalo sikuwahi kuliona. Akasalimu.

Sikio likajaa kioo kizima. Halafu likauliza. Akajibu. Likauliza tena, refu, na sauti ya Mwalimu ikatoka ndogo, ya mtu anayejaribu kitambaa kwa ncha ya kidole. Swali jingine. Jibu jingine, na sasa mkono wake mmoja ukaanza kusogea. Nikawa namsikia anajibu kwa vitenzi, jambo kwa jambo, na safari hii kile kimya cha katikati kilikuwa na mtu ndani yake. Laobanniang akazima muziki wake bila kuombwa.

Kisha bibi akasema kitu kwa ukali, na msichana akacheka mpaka akalala juu ya mahameli.

"Kasemaje? Kamtukana?"

"Kamtukana! Anasema sauti hiyo anaijua, ni ya watu wa ng'ambo ya ghuba. Anasema watu wa ng'ambo ile wanameza miisho ya maneno na wanaiba kondoo. Anataka kujua huyu ni wa nyumba ipi."

Yule mzee wa kwenye kanda alikuwa wa ng'ambo ya ghuba, basi. Na Mwalimu, aliyekaa naye miaka yote ile, alikuwa amemeza miisho ile ile.

"Mtani!" nikapiga kelele. "Mwalimu, umepata mtani! Usikubali!"

Hakuwa amekubali. Alikuwa ameshajibu, na kwenye simu bibi alikuwa anacheka na kukohoa.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kondoo walikuja wenyewe," akasema Mwalimu, machozi yanamdondokea kwenye ndevu. "Walichoka na kuimba kwa watu wa kwake."

Hapo bibi ikabidi amwone mwizi huyu. Sikio likaondoka, likaja jicho, miwani, uso mzima. Akamtazama Mnyamwezi wangu ndani ya duka la vitambaa. Akaipeleka simu mbali, akairudisha karibu. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, kuhusu kondoo.

Waliongea mpaka betri ikaanza kulalamika. Mwishoni laini ikawa inakatika, na bibi akawa anauliza jambo lile lile, ambalo hata mimi nalijua: upo? Na Mwalimu, simu ameishika kwa mikono miwili: "Taa." Upo? "Taa." Kioo kikazima naye akasema mara nyingine tena, kwa sauti ya chini, haikumfikia mtu ila sisi.

Msichana alikumbatiana naye, akaandika namba ya bibi kwenye kipande cha karatasi ya kufungia, akaenda na jora langu. Mwalimu akakaa kwenye kigoda. Nikammiminia chai yake mwenyewe.

Sikuwa namtega. Naapa. Baada ya yote yale ahadi yetu ilikuwa imenitoka kichwani kabisa. Nilitaka tu kusikia kwa mdomo wake.

"Mwalimu. Ile lugha ya kwenye kanda, ndiyo yenyewe?"

Akavaa kofia. Akaivua tena, akaiweka magotini.

"Ndiyo," akasema.

Nikamwongezea chai, na hapo ahadi ikanirudia.

"Ijumaa," nikasema. "Wali wa nazi. Na nazi iwe ya kukuna, si ya kopo."

"Hujanikamata, Mzaramo."

"Umesema ndiyo! Mama huyu shahidi!"

"Umeniuliza, ndiyo yenyewe? Nimekujibu, ndiyo. Umeuliza jambo, nimekujibu jambo hilo hilo."

Nimelipigia hesabu jambo hilo mara mbili, kama ninavyofanya kwa kila kitu. Mara ya kwanza nimeshinda. Mara ya pili hajashindwa. Ijumaa ile alipika wali, mimi nikaleta chai, na hakuna aliyemuuliza mwenzake analipa kwa sababu gani.